Kupanga safu na kupanga orodha unganishi: njia mbili, ulinganisho mmoja

Swali: Ninaandika programu kwa lugha ya C hapa Magongo, Mombasa, kwa ofisi ya mawakala wa forodha. Makontena yamo kwenye safu (rekodi zilizofuatana kwenye kumbukumbu), rekodi 60,000 hivi, kila rekodi baiti 160. Malori yanayosubiri zamu ya kuingia bandarini yamo kwenye orodha unganishi (kila kitu kinaelekeza kinachofuata), kama 4,000. Nilitaka fanksheni moja ya kupanga chochote, nikaandika kwikisoti (quicksort, mbinu ya kupanga kwa kugawa data pande mbili, wadogo na wakubwa) inayotumia amri mbili tu: "nipe kitu cha i" na "badilisha i na j". Kuna mambo matatu yananishinda. Faili likija limeshapangwa kwa tarehe, programu inaanguka. Orodha ya malori ni ndogo lakini inachukua muda mrefu kuliko makontena. Halafu makontena ya tarehe moja hayabaki kwa mpangilio wa meli niliokuwa nimeuweka kabla. Nirekebishe wapi?

Jibu: Hujambo ndugu yangu. Nia ya kuandika fanksheni inayopanga chochote ni njema, ila umeunganisha mahali pasipofaa. Kinachoweza kuwa kimoja kwa safu na orodha ni ulinganisho, yaani swali la "kipi kitangulie". Namna ya kuvisogeza vitu haiwezi kuwa moja, kwa sababu gharama ya kusogea ni tofauti kabisa. Kwenye safu, kufika kwenye kitu cha 2,000 ni hesabu moja ya anwani, lakini kukihamisha ni kunakili baiti zote 160. Kwenye orodha ni kinyume chake: kuhamisha nodi, yaani kitu kimoja cha orodha, ni kubadili pointa (anwani ya nodi inayofuata) tu, lakini kuifikia nodi ya 2,000 ni kupita 1,999 zilizo mbele yake. Amri zako mbili zimechagua kibaya cha kila upande.

Tuanze na kuanguka. Mhimili wako, yaani kitu ambacho vingine hulinganishwa nacho wakati wa kugawa, bila shaka ni kitu cha mwisho au cha kwanza cha kipande. Data ikiwa imeshapangwa, kila mgawanyo unatoa upande mmoja mtupu na upande mwingine wenye vyote vilivyobaki. Badala ya kugawa nusu kwa nusu, unamenya kimoja kimoja. Kwa rekodi 60,000 hiyo ni ulinganisho bilioni 1.8 na fanksheni inayojiita yenyewe kwa kina cha 60,000. Kama kila mwito unashika nafasi ya muda ya rekodi moja, baiti 160, pamoja na vigezo na anwani ya kurudi, uchukue baiti 250 kwa mwito. Hizo ni megabaiti 15 za staki, yaani kumbukumbu ya miito ya fanksheni. Linux kwa kawaida hutoa 8, Windows hutoa 1. Faili lililovurugika halifiki kina hicho, ndiyo maana siku nyingine programu inapita salama na ukadhani iko sawa.

Malori nayo: kupanga vitu 4,000 kunahitaji ulinganisho kama 48,000. Kila ulinganisho unaita "nipe kitu" mara mbili, na kila mwito unatembea nodi 2,000 kwa wastani ukianzia mwanzo. Zidisha: hatua milioni 192. Ni sawa na kumtuma mtu akamwite dereva katikati ya foleni ya malori, na kila akirudi umwambie aanzie getini tena.

La tatu si kosa la msimbo wako. Kwikisoti kwa asili yake haitunzi zamu (mpangilio wa awali) ya vitu vilivyo sawa, kwa sababu hubadilishana vitu vilivyo mbali na kuvirusha juu ya wenzao. Hata `qsort` ya maktaba ya C haiahidi kutunza zamu. Kiwango cha lugha hakisemi hata itumie mbinu gani, licha ya jina lake. Unahitaji upangaji wa kuunganisha, ambao mwanahisabati John von Neumann aliubuni mwaka 1945 na mpaka leo ndio msingi wa maktaba nyingi zinazotunza zamu.

Kabla ya kugusa mwendo wa data, safisha fanksheni ya ulinganisho, maana ikiwa na dosari hakuna mbinu itakayokuokoa. Mkataba wake ni huu: ipewe vitu viwili, irudishe namba hasi kama cha kwanza kinatangulia, sifuri kama ni sawa, chanya kama cha pili kinatangulia. Na isijipinge. Ikisema A yuko mbele ya B na B yuko mbele ya C, lazima iseme A yuko mbele ya C. Na ukigeuza A na B, alama nayo igeuke.

Wengi huandika `return a - b`, kwa kuwa ni fupi na inaonekana inafanya kazi. Chukua salio za wateja kwa senti: mmoja ana shilingi milioni 15, mwingine anadaiwa shilingi milioni 15. Tofauti yao ni senti bilioni 3, na namba ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647. Hapo hesabu inafurika, na lugha ya C haikuhakikishii chochote. Mara nyingi utapata namba hasi, na mdaiwa atahesabiwa kuwa na salio kubwa kuliko mwenye pesa. Andika `return (a > b) - (a < b)`. Inarudisha moja, sifuri au hasi moja, na haiwezi kufurika.

Kosa la pili ni kurudisha `a > b` peke yake, yaani moja au sifuri. Hiyo inasema "sawa" pale ambapo ingepaswa kusema "anatangulia". Mbinu inayouliza tu kama jibu ni kubwa kuliko sifuri itapita; inayouliza kama ni dogo kuliko sifuri itaharibika. Ndiyo maana msimbo kama huo hufanya kazi kwenye mashine moja na kukataa kwenye nyingine.

Uzito wa kontena ukiuweka kwa namba za desimali, jihadhari na ile thamani ya "si namba" inayotumika mahali pa uzito usiojulikana. Ukiilinganisha na chochote, kubwa na ndogo zote zinajibu hapana, kwa hiyo inaonekana sawa na kila mtu. Ukiwa na 3, "si namba", 1, basi 3 ni sawa na ya kati, na ya kati ni sawa na 1, ilhali 3 si sawa na 1. Mkataba umevunjika, na vitu vitabaki vimetawanyika popote. Amua mwenyewe: zisizo namba zote ziende mwisho, na uliandike sharti hilo juu ya fanksheni.

Majina ya mahali ya huku kwetu yana mtego wake. `strcmp`, fanksheni ya C ya kulinganisha maandishi, hulinganisha baiti, si herufi kama tunavyozijua. Alama ya ng' ikiandikwa kwa kibodi ya kompyuta ni baiti 39, ndogo kuliko herufi zote, kwa hiyo Ng'ombeni inatangulia Ngerenya na Ngomeni. Ikiandikwa kwa simu inayoipinda ile alama, inakuwa baiti tatu, ya kwanza 226, kubwa kuliko herufi zote za kawaida. Sasa Ng’ombeni inashuka chini ya Ngomeni. Mahali pamoja, sehemu mbili kwenye orodha, na mteja atakwambia mzigo wake haupo. Sawazisha alama hiyo wakati wa kuingiza data, si ndani ya ulinganisho, la sivyo utalipa gharama hiyo mamilioni ya mara. Namba za kontena zenyewe hazina shida: herufi 4 na tarakimu 7, zote baiti 11 za upana mmoja, ila hakikisha herufi zote ni kubwa, kwa sababu `Z` ni 90 na `a` ni 97.

Jambo la mwisho hapa: ipe fanksheni yako ya ulinganisho pointa ya ziada ya kubebea maelezo ya upangaji. `qsort` haina, na ndiyo maana watu hulazimika kuweka "panga kwa safu wima gani" kwenye kigezo cha jumla, kisha nyuzi mbili za programu (kazi zinazoenda sambamba) zikipanga kwa pamoja zinapigana. `qsort_r`, yenye pointa hiyo, ipo, lakini mpangilio wa hoja zake kwenye Linux si ule uliozoeleka kwenye mifumo ya ukoo wa BSD, na kompaila ya C inaweza ikakuonya tu badala ya kukukatalia. Ukiandika yako, shida hiyo huna.

Sasa safu. Usisogeze rekodi za baiti 160 wakati wa kupanga. Tengeneza safu ya pointa, moja kwa kila rekodi. Kwa baiti 8 kila moja ni kilobaiti 480, ilhali rekodi zenyewe ni megabaiti 9.6. Panga pointa. Kama mwishoni unahitaji rekodi zenyewe zikae kwa mpangilio, zihamishe kwa kufuata mizunguko: chukua rekodi moja uiweke pembeni, ijaze nafasi yake na inayostahili kukaa hapo, nafasi iliyoachwa uijaze vivyo hivyo, mpaka urudi ulipoanzia. Kila rekodi husogea mara moja tu, isipokuwa ile uliyoiweka pembeni. Njia hii haifai vitu vidogo. Safu ya namba za baiti 4 ipange moja kwa moja, kwani pointa ni nzito kuliko mzigo.

Gawa safu ya pointa katika vipande vya 16 na upange kila kipande kwa kuchomeka: chukua kitu, sukuma walio wakubwa hatua moja kulia, kichomeke kwenye pengo. Sukuma, usibadilishane, kubadilishana ni kunakili mara tatu kwa kila hatua, kusukuma ni mara moja. Kwa vipande vidogo hivi kuchomeka kunashinda mbinu zote za kifahari. Kwa safu nzima hapana: kwa vitu 60,000 ni wastani wa ulinganisho milioni 900. Mtego wa hapa ni aina ya namba. Ukihesabu nafasi kwa `size_t`, ambayo haina hasi, sharti la `j >= 0` ni kweli daima; baada ya sifuri inarukia namba kubwa kuliko zote na programu inasoma kumbukumbu isiyo yake. Andika `j > 0` na uangalie kitu cha `j - 1`.

Kisha unganisha vipande viwili viwili: 16 na 16 kuwa 32, 32 na 32 kuwa 64, hadi mwisho. Nakili kipande cha kushoto kwenye nafasi ya pembeni, halafu rudisha ukichagua kati ya pembeni na kulia. Vikiwa sawa, chukua wa kushoto. Utunzaji wote wa zamu umo kwenye alama moja: `<=` badala ya `<`. Ukikosea hapo hakuna kitakachoanguka. Makontena yatavurugika kimya kimya kama sasa.

Nafasi ya pembeni iwe ya ukubwa gani? Wengi huandika nusu ya safu, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyo ukigawa kutoka juu, nusu kwa nusu. Ukianzia chini kama hapa, si kweli. Vipande vinakua 16, 32, 64, na mwisho vinafika 32,768. Muunganiko wa mwisho una kushoto 32,768 na kulia 27,232. Nusu ya 60,000 ni 30,000. Utaandika pointa 2,768 nje ya nafasi uliyoomba. Omba nafasi kamili ya 60,000, ni kilobaiti 480 tu, au uwe unanakili upande mfupi kati ya viwili. Vyovyote iwavyo, omba kumbukumbu kabla ya kugusa data, na ukinyimwa rudisha taarifa ya kushindwa huku safu ikiwa kama ilivyokuja.

Ongeza swali moja kabla ya kila muunganiko: je, wa mwisho wa kushoto hamzidi wa kwanza wa kulia? Kama ndivyo, vipande vimeshapangwa tayari, pita. Swali hilo dogo linageuza lile faili linalokuangusha kuwa rahisi kuliko yote. Vipande 3,750 vya 16, kila kimoja ulinganisho 15, jumla 56,250. Miunganiko 3,749, kila mmoja swali moja. Yote ni 59,999, badala ya bilioni 1.8.

Ukiwa mahali pasipo na kumbukumbu ya ziada na zamu haikuhusu, bado kwikisoti inafaa, lakini iwe na kinga. Mhimili uwe ule wenye thamani ya kati miongoni mwa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Nafasi ya katikati itafute kwa `chini + (juu - chini) / 2`, maana ukijumlisha kwanza unaweza kufurika. Gawa sehemu tatu, yaani wadogo, walio sawa na wakubwa, la sivyo tarehe moja ikirudiwa mara elfu nyingi utarudi kwenye kumenya kimoja kimoja. Jiite kwenye upande mdogo na zunguka kwenye ule mkubwa. Kina hakitazidi 16 kwa rekodi zako 60,000. Na weka kikomo cha migawanyo, mara mbili ya logi ya idadi kwa kizio cha 2, kikivukwa uhamie upangaji wa lundo, ambao haupungui kasi kwa data ya aina yoyote. Mchanganyiko huo mwanasayansi wa kompyuta David Musser aliuchapisha mwaka 1997, na maktaba nyingi za C++ zinautumia.

Orodha ya malori haihitaji lolote kati ya hayo. Haihitaji nafasi ya pembeni wala namba za nafasi. Inahitaji kuunganisha orodha mbili zilizopangwa:

```
Nodi *unganisha(Nodi *a, Nodi *b)
{
    Nodi *kichwa = NULL;
    Nodi **mkia = &kichwa;
    while (a && b) {
        if (linganisha(a, b) <= 0) {
            *mkia = a;
            mkia = &a->mbele;
            a = *mkia;
        } else {
            *mkia = b;
            mkia = &b->mbele;
            b = *mkia;
        }
    }
    *mkia = a ? a : b;
    return kichwa;
}
```

Angalia `mkia`: ni pointa ya pointa. Inaelekeza kwenye tundu ambalo nodi ijayo itachomekwa, liwe ni `kichwa` au `mbele` ya nodi iliyotangulia. Kwa hiyo hakuna sharti maalumu la nodi ya kwanza, na hapo ndipo makosa mengi ya orodha huzaliwa.

Kugawa orodha katikati kwa kuitembea si lazima. Weka safu ya makapu 32, yote matupu. Kapu la 0 hushika orodha ya nodi 1, la 1 nodi 2, la 2 nodi 4, na kuendelea. Toa nodi moja kutoka mwanzo wa orodha, ikate kwa kuweka `mbele` yake kuwa `NULL`, na uipeleke kapu la 0. Kapu likiwa na kitu, unganisha kilichomo na ulicho nacho, acha kapu tupu, sogea kapu linalofuata. Ukikuta tupu, weka hapo. Ni kuhesabu kwa biti: baada ya nodi 13 utakuta kapu la 0, la 2 na la 3 zimejaa, 1 na 4 na 8. Orodha ikiisha, unganisha yaliyobaki kuanzia kapu dogo. Kina cha mwito hakipo, kumbukumbu yote ya ziada ni pointa 32, baiti 256, na inatosha nodi zaidi ya bilioni 4.

Zamu inalindwa kwa sharti moja: kilichomo kapuni kilikuja mapema kuliko ulichoshika, kwa hiyo kiwe daima hoja ya kwanza, `unganisha(kapu[i], mkononi)`. Ni vivyo hivyo mwishoni: kapu kubwa lina nodi za zamani kuliko dogo, basi kubwa litangulie. Ukigeuza, lori lililofika saa 12 asubuhi litawekwa nyuma ya lililofika saa 3, na dereva ana haki ya kugomba.

Kusahau kukata nodi ndilo kosa linalopoteza siku nzima. Nodi inaingia kapuni ikiwa bado inavuta orodha yote nyuma yake, na muunganiko wa kwanza unatengeneza duara. Programu haianguki, inazunguka tu bila kikomo. Kama orodha yako ina viungo vya mbele na nyuma, usivitunze vya nyuma wakati wa kuunganisha. Vivunjike, kisha pita mara moja mwishoni ukivirekebisha, na usisahau pointa ya mkia wa foleni. Fanksheni irudishe kichwa kipya, na anayeita akipokee: kushika kichwa cha zamani ni kushika lori lolote lililo katikati, na malori yote yaliyo mbele yake yanaonekana kana kwamba yamepotea.

Katika kupima, usiridhike na data iliyovurugwa peke yake. Pima ukubwa wa 0, 1, 2, 3, halafu 15, 16, 17 na 31, 32, 33, kwani mipaka ya vipande ndipo makosa hujificha. Pima iliyopangwa, iliyogeuzwa, na ambayo vyote ni sawa. Pima mipangilio yote ya vitu 8. Ni 40,320 na inamalizika kufumba na kufumbua. Kila kitu kipe namba ya mfululizo kabla ya kupanga, na baada yake hakikisha wenye ufunguo sawa namba zao zinapanda. Hesabu nodi kabla na baada. Weka kihesabu ndani ya ulinganisho: kwa malori 4,000 hautazidi 44,000, kwa makontena 60,000 hautazidi milioni 1.2. Ukizidi, kuna mahali umekosea hata kama matokeo yanaonekana sahihi.

Na utakapotaka makontena mapya yawe juu, usipange kwa kupanda kisha ukageuza safu. Kugeuza kunageuza pia zamu ya walio sawa, na mpangilio wako wa meli utakuwa umeelekea kinyume. Badilishana hoja mbili ndani ya ulinganisho, `linganisha(b, a)`, na alama ya `<=` iliyo kwenye muunganiko iache ilivyo.